Waliokula Mwatiko Wetu

Waliokula samaki wetu ninawajua wote. Majina yao siyaandiki, kwa kuwa watoto wao wananiamkia vizuri hapa sokoni Kibiti, na mtoto hana kosa. Lakini vyeo vyao nitavitaja, na mtu wa kijiji chetu cha Mbuchi akisoma hapa hatahitaji kuuliza ni nani.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Kwa hiyo nayaandika haya kama ninavyoyasema, na anayetaka Kiswahili cha vitabu akatafute vitabu.

Haya yalianza miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni. Ilipokuja ruksa sabuni ikajaa madukani, tukakosa cha kuinunulia. Mume wangu alivuka kivuko cha Ndundu na furushi la mitumba, akasema anakwenda kuuza kusini, atarudi baada ya Idi. Idi zimepita nyingi. Nikabaki na mama yangu mzazi, na shemeji yangu, mdogo wake yule mume, mtu wa maneno matamu na mikono mizito inapofika kazi.

Mama alikuwa na shamba la mpunga kando ya kijito, alilorithi kwa mama yake. Kwetu deltani mpunga unalimwa pale mikoko ilipokatwa zamani, na unaishi kwa sababu moja tu: masika maji ya mto yanashuka na kuisukuma chumvi irudi baharini. Mto ukishuka na nguvu, tunakula. Mto ukizubaa, bahari inapanda kijitoni, ncha za majani zinageuka nyekundu, na mwenye shamba anavuna makapi. Miaka ile mto ulizubaa. Mvua zilipotea njia, zikawa zinakuja wakati watu wamekwisha kata tamaa. Kila asubuhi mama alichota maji ya shambani kwa kiganja, akayaonja kwa ncha ya ulimi kama anayeonja mchuzi, akatema. Hakusema kitu. Mimi nilitaka aseme.

Baharini nako kulikuwa na wenyewe. Meli za kuvua kamba zilikokota nyavu zao karibu kabisa na midomo ya mto, na sisi tuliobaki na vyandarua tulipata mabaki. Mabaki hayohayo alikuja kuyanunua mtu mmoja tuliyemwita tajiri wa barafu, maana boti yake ilijaa masanduku ya barafu. Alikuja kila Jumatatu, akapima kwa mizani yake mwenyewe, akaondoka. Alilala nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliona baya.

Basi akaja bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi. Alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mpole, anatembea matopeni na viatu vya ngozi. Alituita wanawake wa kijiji, akasema bahari inapanda na mvua si zile tulizozizoea, na anayengoja zirudi kama zamani atangoja na njaa yake. Akasema tuchimbe bwawa la samaki, tufuge mwatiko. Mwatiko, alisema, hajali chumvi wala maji baridi. Mto ukija anaishi, bahari ikija anaishi. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kusikiliza bila kuitwa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba samaki wa namna hiyo angegombea udiwani angeshinda. Vyama vingi vilikuwa vimeanza juzijuzi, watu wakacheka sana, hata bwana samaki.

Lakini maneno yake nilikuwa nimeyashika. Wallahi nilimwona kama aliyetumwa kwetu.

Mahali pa kuchimba palitakiwa pawe chini, karibu na kijito, ardhi ya mfinyanzi. Watu wote wakamgeukia mama. Shamba lake ndilo lilikuwa la chini kuliko yote, na ndilo lililokwisha kuliwa na chumvi zaidi. Mama alikataa. Alisema bibi yake alizikwa na tope la shamba lile kwenye kucha. Bwana samaki akamwambia ardhi itabaki yake, bwawa litakuwa la kikundi, na samaki watagawanywa. Alikataa tena. Nikamwomba mimi, siku nyingi, mpaka akachoka. Sijutii kumwomba. Ningeomba tena, maana shamba lile lilikuwa linakufa na sisi tulikuwa tunaliangalia tu.

Tulichimba kiangazi kizima. Wanaume walikuja kutazama. Mwenyekiti alikuja akasimama juu ya tuta, akasema serikali inatambua juhudi za akina mama, akaenda zake.

Vifaranga tulivitafuta wenyewe. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likipita, bahari ikirudi nyuma, inaacha vidimbwi kati ya mikoko, na humo mwatiko wachanga wanabaki kama nyuzi zenye macho mawili meusi. Tulitanda kwa vyandarua na kanga kuukuu, wawili wawili, tumeinama, tunakwenda polepole kama tunaotandika kitanda cha mgonjwa. Tuliwabeba kwa ndoo zilizofunikwa majani ili jua lisiwaue. Wengi walikufa. Waliobaki tuliwalisha pumba, wakawa kama kidole, wakawa kama kiganja, mwishoni wakawa wa kushikwa kwa mikono miwili. Jioni walipopinduka juu ya maji ungedhani mtu anamwaga visu.

Mama aliacha kuonja maji. Alianza kutembea juu ya tuta kila asubuhi na kikapu cha pumba, na siku moja nilimkuta anawaita, "Haya njooni, njooni," kama anaita kuku. Aliponiona akaona haya. Halafu akasema kitu ambacho hakuwa amekisema tangu mpunga ulipoanza kuungua.

"Kwa hiyo hatuhami."

Wenzetu walikuwa wanahama. Kila msimu nyumba moja, mbili, zilifungwa mizigo zikaenda Kibiti au Ikwiriri kupanga vyumba. Bwawa lile ndilo lililotuweka pale, mimi na mama. Hatukuwa na kingine.

Sasa inabidi nieleze sheria moja ya kwetu, maana bila hiyo mtu wa mbali hawezi kuelewa tulivyoibiwa mchana kweupe na watu wakatuambia ni haki.

Mto ukifurika unaingia mashambani mwa watu. Maji yakianza kupungua, yanaacha samaki kwenye mashimo na kati ya matuta: kambale, perege, wowote walioletwa na mto. Samaki hao hawana mwenyewe. Mtu yeyote anaingia shambani kwako na tenga lake anavua, na wewe mwenye shamba huna ruhusa ya kumzuia. Utamwomba tu asikanyage mpunga. Ni sheria nzuri. Imewalisha wajane na wasio na mitumbwi tangu mababu. Mimi mwenyewe utotoni nimekula samaki wa mashamba ya watu wengi, na kila mzee aliniambia chukua, mwanangu, maji yameleta.

Sheria ilitungwa kwa samaki walioletwa na mto. Bwawa halikuwapo ilipotungwa. Wala bwana samaki, katika mafundisho yake yote ya pumba na chokaa na kina cha maji, hakuwahi kuuliza kwetu samaki ni wa nani maji yakiingia. Nasi hatukumwambia. Hakuna mtu anayemweleza mgeni kitu ambacho hata mtoto anakijua.

Ikaja ile mvua ambayo redio iliita elinino. Ilianza kama vuli, ikakataa kuisha. Mto uliokuwa umezubaa miaka yote ukaja wote kwa mara moja, na magogo, na mapaa ya nyumba, na kiboko mmoja aliyekufa akakwama kwenye kijito chetu akanuka mpaka tukakosa hamu ya kula. Mashamba ya juu yalizama. Sisi wa kikundi tuliinua tuta kwa tope na fito za mikoko, mchana kutwa, mvua ikitunyeshea migongoni. Shemeji alikuja kusaidia. Alibeba fito mbili, akakaa dunguni, kile kibanda chetu cha miguu mirefu tulichokitumia kulindia bwawa, akatuimbia.

Tuta lilisimama. Likaja bamvua kubwa, bahari ikapanda na mto ukashuka, vikakutana palepale kwetu, na maji yalipofika juu kabisa yalikuwa yamebakiza shibiri moja kufika ukingoni. Tulisimama pale tunayatazama. Yakakaa. Kisha yakaanza kurudi. Mama alikaa chini kwenye tope akacheka peke yake.

Hivyo mafuriko tuliyashinda. Nataka lieleweke hilo. Bwana samaki alitufundisha vizuri na sisi tulijenga vizuri, na maji yalishindwa.

Baada ya siku chache alifariki mzee mmoja wa kitongoji cha ng'ambo, mwadhini wa miaka mingi. Kijiji kizima kilivuka kwenda kuzika. Zamu ya bwawa siku hiyo ilikuwa ya shemeji.

"Nendeni mkazike," akatuambia kutoka dunguni. "Watoto wenu nitawaangalia mimi."

"Usiwale tu," nikamwambia.

"Cha shemeji yangu ni halali kwangu. Kamuulize hata sheikh."

Tukacheka, tukapanda mtumbwi. Utani wa mashemeji haukatazwi.

Mwenyekiti hakuja mazikoni. Alisema ana homa.

Tulirudi alasiri imekwenda. Kabla ya kufika gatini tulisikia kelele upande wa bwawa, kelele za watu wengi wenye furaha, kama harusi. Nilidhani wamemshika mamba. Nilikimbia. Pembe ya bwawa iliyoelekea mtoni ilikuwa wazi, pana kama mlango wa nyumba, maji mekundu yanaingia yanatoka, na mwatiko wetu wanaruka juu yake wanang'aa. Ndani ya bwawa walikuwamo watu wa nyumba ya mwenyekiti, wake na watoto na wapwa, kila mmoja na tenga. Mdomoni mwa kijito ilikuwa imetia nanga boti ya tajiri wa barafu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mwenyekiti mwenye homa alikuwa amesimama juu ya tuta, suruali ameikunja magotini.

"Maji yameingia yenyewe," akatuambia hata hatujamuuliza. "Na sheria ya wazee mnaijua. Hawana mwenyewe."

Ningetaka kuandika kwamba wenzangu wa kikundi walimrukia. Walisimama kidogo tu. Waliwaona samaki wanapita, kila anayepita harudi, na watu wengine wanajaza. Mmoja akafunga kanga akaingia. Wa pili akaingia. Halafu wote, wanawake waliochimba bwawa lile kwa mikono yao, wakawa wanaivua mali yao kwa kunyang'anyana na wezi wao. Watu wa ng'ambo waliotusindikiza kutoka mazikoni nao wakaingia. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa majini mpaka kiunoni, na tenga.

Usiku ule nyumba zote zilinukia samaki wa nazi. Yetu pia. Mama alinipakulia, nikaisukuma sahani.

"Ulitaka niwaache waende na maji?" akaniuliza.

"Nilitaka usimame na mimi."

"Nimesimama na wewe mwaka mzima. Kula."

Sikula. Alikula yeye, polepole, akichambua miba, na mwatiko ana miba mingi. Nilimtazama mpaka akamaliza.

Mkutano wa kijiji niliuitisha mimi, kwa kwenda nyumba kwa nyumba. Walikuja wote. Nikasema tuta halikubomolewa na maji, lilikatwa kwa jembe, na mikato yake ipo, nendeni mkaone. Maji yanakula tuta kwa kumomonyoa, hayaachi ukuta ulionyooka. Nikasema shemeji yangu alikuwa dunguni, aseme aliona nini. Shemeji akasema alikuwa amepitiwa na usingizi. Nikasema boti ya barafu inakuja Jumatatu, na barafu haitengenezwi Mbuchi, inaagizwa mapema, inatoka mbali.

"Barafu ya Alhamisi aliiagiza nani?" niliuliza. "Mto?"

Kuna waliocheka. Mwenyekiti aliwangoja wamalize.

"Dada yetu, mumeo katoroka hukumshtaki. Leo unataka kuushtaki mto?"

Hapo walicheka zaidi. Akainua mkono, akawa mpole. Akasema yeye hana ugomvi. Kama yupo aliyeona jembe, ainue mkono, waende polisi pamoja. Nikawatazama mmoja mmoja. Walitazama miguu yao. Walikuwa wamekula wote. Ungesema ni wizi, basi na wewe umekula cha wizi, na watoto wako umewalisha cha wizi, na mgeni wako kutoka mazikoni umempa cha wizi. Ukisema ni mafuriko, umekula riziki. Nani atachagua la kwanza?

Mama alikuwa amekaa safu ya mbele na wanawake wenzake. Mkono wake haukuinuka.

Mwenyekiti alijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana hakuwafukuza watu bwawani, bali aliwaita waingie. Watu wa nyumba yake walijaza boti kwanza, na samaki waliobaki aliwaachia watu wengine wale, ili wafunge midomo. Shemeji baada ya wiki chache alikuwa na baiskeli mpya. Nikamuuliza kaitoa wapi, akasema mwenyekiti kamkopesha. Na alinijibu akicheka, kama tungali kwenye utani.

Tajiri wa barafu simsemi sana. Yeye alinunua. Lakini alijua ananunua nini, na alijua siku, na alikuja.

Ninayemweka mbele ya wote kwa lawama ni bwana samaki. Alifika njia zilipopitika. Nilimpeleka peke yake, nikamwonyesha mkato. Mvua ilikuwa imeshaulegeza lakini mapigo ya jembe yalikuwa bado yanahesabika. Aliinama akayashika kwa vidole.

"Naona, dada," akasema. "Naona kabisa. Lakini nikiandika wizi, mradi utafungwa. Nikiandika mafuriko, tutaletewa mwingine."

"Ataletewa nani?"

Aliandika mafuriko. Mradi mwingine ukaja kweli, ukaenda kijiji cha Mbwara, kwa watu ambao hawakuwa wamepoteza kitu. Wale wengine waliiba samaki. Yeye aliliiba kosa lenyewe, akalipa mvua. Na mvua haina aibu, haiwezi kukamatwa, haina mke wala watoto wa kuona haya. Tangu siku ile kila kitu kinachoharibika deltani kimeharibiwa na mvua.

Sisemi maji hayana lawama. Baada ya mwaka ule mto ulichimba njia nyingine, na kijito chetu kikawa cha bahari zaidi. Huenda bwawa lingekuja kufa hata hivyo, miaka ya mbele. Lakini lingekufa sisi tukiwa tumeshavua, tumeshalifunga tuta, tumeshajua la kufanya mara ya pili. Hatukupata mara ya pili. Hakuna mwanamke aliyekubali kuchimba tena. Walisema, tuchimbe ili nani ale? Na shamba la mama halikuweza kurudi kuwa shamba, kwa sababu tulikuwa tumelichimba likawa shimo, na kila bamvua bahari ilikuja kulala humo. Hata magugu hayakuota.

Tulihama. Nilipanga chumba Kibiti, nyuma ya stendi, nikaanza kukaanga samaki wa kuuza, samaki wa barafu kutoka kwa watu haohao wa masanduku ya barafu. Mama alikaa uani akipepeta mchele wa watu. Aliishi miaka michache. Hatukuzungumza tena habari ya siku ile, na alipokufa tulimzika hapahapa, kwenye mchanga.

Mwaka jana waliitisha semina hapa mjini kuhusu mabadiliko ya tabianchi na ufugaji wa samaki. Niliitwa kwa kuwa mtu fulani alikumbuka kwamba niliwahi kufuga. Mwenyekiti yule naye aliitwa, sasa ni mzee wa fimbo, wakamkalisha mbele kama mwenye uzoefu. Walituuliza bwawa la kwanza lilishindwa kwa nini. Akajibu yeye, taratibu, kwamba ni elinino, na binti aliyeshika kalamu akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani: changamoto, mafuriko.

Nikamwambia aandike na ya pili: mwenyekiti.

Ukumbi ulicheka. Walidhani natania. Mzee naye alicheka, akanipungia fimbo. Binti akanitazama, kalamu hewani, kisha mwalimu wa semina akasema twende kwenye kipengele kinachofuata.

Wakati wa chakula wanawake vijana wa deltani wakanifuata. Wamepewa msaada wa kuchimba mabwawa mapya, yenye matuta marefu kuliko yetu, kwa kuwa wameambiwa bahari itapanda zaidi. Wanataka niwafundishe kukamata vifaranga, maana wanaojua wamebaki wachache. Walinisihi. Waliniita mama, wakaniwekea nyama kwenye pilau yangu.

Nikawaambia nitakuja. Lakini kwanza waitishe mkutano wa kijiji, waume kwa wake, wazee wote wawepo, na isemwe mbele ya watu, kabla jembe halijagusa ardhi: maji yakiingia bwawani, samaki ni wa nani. Mmoja wao, msichana mwerevu, akasema mama, hilo si la wataalamu, hilo ni la mila, wazee watakasirika. Nikamwambia ndiyo, watakasirika. Wakiisha kukasirika nipigie simu, nauli nitajilipia mwenyewe.

Mabwawa nasikia yameshachimbwa. Mkutano haujaitishwa, na mimi sijaenda.